Maji Kabla ya Mlima

Liverpool, Sydney
Jumapili, 27 Julai 2025

Mdogo wangu mpendwa Ikupa,

Ugonile. Nakusalimu salamu ya asubuhi ingawa sijui barua hii utaifungua saa ngapi, kwa sababu ndiyo salamu ya kwanza niliyofundishwa na bado sijaona iliyoizidi. Natumaini umeamka salama, na kwamba kile kifua kilichokusumbua mwezi wa tano kimekuachia. Najua huko Mwakaleli sasa ni baridi ile ya Julai, ukungu unakaa mlangoni mpaka saa nne kama mgeni asiyejua kuaga. Gregori je? Mguu wake hauupendi mwezi huu. Mwambie kaka yake anauliza, na kwamba ile suruali aliyonishonea mwaka 2009 bado ninaivaa, isipokuwa kiuno kimeikimbia.

Mimi sijambo kwa kadiri ya mtu wa miaka sabini na sita. Goti la kulia linalia ninapopanda ngazi, na daktari amesema dawa yake ni kutembea, kwa hiyo kila asubuhi natembea hadi stesheni ya treni na kurudi bila kupanda treni yoyote. Baridi ya hapa ni kavu, haina ukungu. Alhamisi huwa nafuata ndizi za kupika kule Cabramatta, kwa mama mmoja wa Kivietinamu ambaye ameshanizoea na kuniwekea kichane kibichi chini ya meza. Tangu marehemu mke wangu Kokugonza alipotangulia nimejifunza kuzipika mwenyewe. Alizoea kusema sisi Wanyakyusa tunazipika kama watu wenye haraka, na kwamba Bukoba ndiko ndizi zinakoheshimiwa. Sasa hakuna wa kubishana nami jikoni, na ndizi zimepungua ladha.

Nimechagua karatasi badala ya simu, na nitakuambia kwa nini. Kila nikikupigia, simu hushikwa na mmoja wa wajukuu wa Gregori, ikawekwa sauti ya wote wasikie, na nyumba nzima ikaingia katika mazungumzo. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za kifua nikajibiwa na mtu anayetaka kujua kama Australia kuna theluji. Silalamiki, ni raha kusikia nyumba imejaa. Lakini lipo jambo linalotaka kusomwa kwanza na mtu mmoja aliyekaa chini, na mtu huyo ni wewe. Ni lazima likufikie kabla Atupele hajaondoka kwenda mlimani. Nitafika huko. Niruhusu nipite njia yangu, maana siwezi kuanzia mwisho.

Habari yenyewe ni hii. Mwanangu Atupele, uliyembeba mgongoni mwaka ule tulipokuja kumzika mama, amepata kibali cha kuwinda. Si mnyama wa huku. Ni kondoo-mwitu wa milima ya Marekani, anayeishi kwenye majabali ambako hata mbuzi angefikiri mara mbili. Usimfikirie kondoo wa zizini. Dume lake lina kifua kama cha ndama mkubwa, na pembe nene zinazotoka kichwani, zikarudi nyuma, zikashuka chini ya sikio na kuja tena mbele kuelekea jichoni. Vibali ni vichache: watu huandikisha majina, yakachanganywa, yakatolewa machache kila mwaka. Atupele ameomba miaka tisa mfululizo. Mwezi uliopita jina lake likatoka. Alikuwa zamu hospitalini, ambako ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, akanipigia akiwa bado na ile kofia yao ya kijani kichwani. Alikuwa analia, nikadhani kuna msiba.

Alifundishwa bunduki na daktari mmoja wa kazini kwake ambaye wazazi wake wana shamba la ngano mbali magharibi, ambako mbuzi waliotoroka mazizini wamegeuka wa porini na wenye mashamba huwapunguza. Lakini mimi najua ilikoanzia. Wazazi wengine huku waliwasomea watoto vitabu vyenye picha. Mimi kila jioni nilimpa hadithi za baba, gobore, na mbuzi mawe wa Milima ya Livingstone. Alisikiliza kwa Kiswahili na kuuliza kwa Kiingereza, kama anavyofanya mpaka leo.

Atakwenda na mumewe. Rodrigue unamjua kwa sauti tu, yule Mkongo wa Bukavu anayekuita mama mkubwa na kukuahidi vitenge. Ni fundi wa lifti, na anasema alisoma kazi hiyo ili binadamu asipande tena kwa miguu. Siku kibali kilipofika aliniuliza kwa huzuni kabisa: Papa, kondoo iko Cabramatta, imekatwa, imeoshwa, hata ngozi haina, juu ya nini tuifwate Amerika? Mkewe akamjibu kwamba ile ya Cabramatta haikumkimbia mtu. Rodrigue akasema ndiyo maana anaipenda.

Basi tangu hapo meza yetu ya jikoni haijaonekana uso. Tunakula tumeshika sahani mapajani, kwa sababu mezani kuna ramani. Unakumbuka kazi niliyofanya hapa miaka thelathini na moja ni kuchora ramani, ile mistari myembamba ya miinuko. Mistari ikiachana, hapo pa kulima. Ikibanana mpaka ikagusana, hapo ni genge, mtu akikanyaga hana pa kukanyagia tena. Nimechukua ramani za milima hiyo nikazitia rangi: kijani pa kupita, njano pa kufikiri, nyekundu pa kutopita hata ukimwona dume mkubwa kuliko wote amesimama upande wa pili anakusubiri. Atupele amekariri nyekundu zote. Rodrigue ameomba ramani nyingine inayoonyesha mahali pa kunywa kahawa.

Mazoezi anafanyia kwenye jengo la kuegesha magari karibu na stesheni, ghorofa saba. Anatia mchele wa kilo ishirini katika mkoba wa mgongoni, gunia zima kama lilivyotoka dukani, anapanda na kushuka mara kumi. Mimi nakaa chini na saa. Jumanne moja mlinzi alimfuata akamuuliza kwa upole kama lifti imeharibika, na Rodrigue, aliyekuwa amekuja kutuchukua, akachukia kwa niaba ya kazi yake. Siku nyingine tulisahau tukaupika ule mchele, kukawa na ugomvi mdogo.

Na kuna mtihani wa pembe. Sheria inataka dume mzima, ambaye pembe yake imezunguka angalau robo tatu ya duara. Ukikosea ukapiga kijana, umevunja sheria na umeua mnyama ambaye alikuwa bado anakua. Nimemkunjia kipimo cha waya, na kabla ya chai namwonyesha picha, anajibu: halali, si halali, huyu simwoni vizuri, nasubiri. Jibu la tatu ndilo ninalolisifu kuliko yote. Baba angelisifu.

Unaona, Ikupa, nimerudi kuwa kijana. Naandika orodha ya soksi za mtu mwingine, nikiinua kichwa namwona baba amekaa kwenye kigoda chake nyuma ya nyumba, anasugua mtutu wa gobore kwa mafuta ya nyonyo, hamsemeshi mtu. Nakuona wewe ukituchomea ndizi za njiani na kuzifunga katika jani, tatu tatu, na ya nne ya kificho kwa ajili yangu kwa sababu nilikuwa mwembamba wa chuo. Nauona mwanzi ulivyokuwa na unyevu kule juu, na harufu ya majani tuliyoyakanyaga, ambayo nimeitafuta katika misitu yote ya nchi hii na sijaipata. Na mbuzi mawe mwenyewe, mdogo, wa rangi ya jiwe, amesimama juu ya ncha za kwato zake kama mtu anayechungulia dirishani. Baba alikuwa akisema huyo humfuati kwa miguu, unamfuata kwa subira. Ndiyo maana aliwinda kwa watu wawili. Mmoja anamwendea mnyama na bunduki, haoni mbali kwa sababu amebanana na mwamba. Wa pili anakaa mgongo wa mlima wa mbele, upande wa pili wa bonde, anaona kila kitu, na mkononi ana kitambaa cheupe. Akikinyoosha kulia, mwenzake anakwenda kulia. Kushoto, kushoto. Akikipandisha juu ya kichwa, mwenzake anasimama hapohapo, hata kama mguu uko hewani, na hashuki wala hapandi mpaka kitambaa kishuke.

Wawindaji wa kondoo-mwitu hufanya vilevile, umeamini? Atupele alipolisoma jambo hilo alinijia mbio na kitabu. Kwa hiyo Rodrigue amepewa cheo: atakaa mlima wa mbele na darubini na kitambaa. Jumamosi ya wiki mbili zilizopita tukaenda kwenye Milima ya Buluu, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, wajizoeze. Atupele alivuka bonde dogo akaanza kutembea kwenye kilima cha upande wa pili, bila bunduki, mzigo wa mchele mgongoni. Sisi wawili tukakaa juu ya jiwe, Rodrigue na taulo la vyombo. Alikuwa anajitahidi, akipeperusha kama anayeaga meli. Kisha simu yake ikalia, mteja amekwama ghorofa ya nne. Akaipokea. Atupele alikuwa anakaribia mahali pa mawe yaliyolegea, si pa hatari, pa kuchubua goti tu. Nikamwambia Rodrigue apandishe kitambaa. Akainua kidole, yaani nimsubiri amalize. Atupele akateleza, akakaa chini kwa makalio, akainuka akicheka.

Mimi sikucheka. Nilimnyang'anya mkwe wangu lile taulo, nikamfokea maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu mzima. Nilimwambia mtu aliyekaa na kitambaa mkononi asipokipandisha ni muuaji. Alikata simu. Akaniomba radhi mara tatu, na mara ya tatu sauti yake haikuwa na mzaha. Tulirudi nyumbani Atupele akiendesha. Atupele aliniangalia kwenye kioo cha dereva muda mrefu, kisha akaniuliza kama niko sawa. Nikasema ni uzee.

Jumatano iliyofuata ndipo alipokupigia simu. Nadhani alitaka kuniuliza wewe unaonaje hali yangu, lakini mkaishia kwenye habari za uwindaji, naye akakuuliza kama kuna jambo baba alilifanya kabla ya kupanda mlimani ambalo mimi nimelisahau. Ukamweleza habari za maji. Alinijia sebuleni amefurahi sana, akanieleza kwa Kiingereza, nami nikawa naisikia sauti yako chini ya yake. Kwamba siku moja kabla ya kuwinda, nyumba nzima hukaa uani, na mwenye neno na mwenzake hulisema palepale, lote, bila kufunika. Akimaliza anapokea kata ya maji, anajaza kinywa, anayapuliza chini, na hasira imekwenda. Kwamba aliyetajwa hana haki ya kukasirika kwa alichoambiwa. Kwamba hasira iliyosemwa haimdhuru anayepanda mlimani, inayomdhuru ni ile iliyomezwa. Kisha akasema hivi: shangazi amesema nikuombe wewe, Dad, unishikie kata siku ya kuondoka. Yeye amecheka, akasema maji yake hayaaminiwi.

Hakuelewa maana yake. Alidhani ni utani wa shangazi. Mimi nilisema nakwenda kuangalia kama nimezima jiko.

Sasa nimefika, mdogo wangu. Kama umesimama, kaa.

Julai 1971. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni Dar es Salaam. Nina miaka ishirini na miwili, Gregori kumi na tisa, wewe kumi na sita. Tulikaa uani jua likiwa bado juu ya migomba. Baba akauliza nani ana neno. Wewe ukasimama. Ukasema una hasira na Gregori, kwa sababu aliichukua barua ya Mwalimu Tumsifu kutoka chini ya mto wako akaisomea wenzake kwenye kituo cha kupimia chai, mpaka na mahali mwalimu alipokuandikia kwamba sauti yako humfanya asahau hesabu. Ulilia. Ulimwita Gregori fisi mbele ya baba, na baba hakukukataza, kwa sababu huo ndio utaratibu. Ulipokwisha ukapokea kata, ukapuliza kwa nguvu hata matone yakamfikia Gregori usoni. Akajifuta akasema sasa amemwagiliwa, ataota. Ukacheka na machozi bado yanashuka. Hapakuwa na kitu kilichobaki ndani yako. Mtu yeyote mwenye macho angeliona hilo.

Baba akanigeukia. Nikasema sina neno. Nikapokea kata, nikapuliza.

Nilikuwa nalo. Wiki moja kabla yake baba alikuwa amempa Gregori gobore. Si kumwazima: kumpa, mbele ya wajomba. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye niliyelibeba tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Baba alisema kwa upole kabisa kwamba mimi nina kalamu, na bunduki ni ya yule atakayebaki nyumbani. Alikuwa sahihi, na miaka yangu hamsini na minne iliyofuata imemthibitishia. Lakini nilimeza. Msomi wa chuo hasimami uani akalia kwa ajili ya gobore kuukuu.

Kesho yake nilikuwa mgongo wa mlima wa mbele, na kitambaa cha amerikani mkononi. Dume la mbuzi mawe lilikuwa limesimama juu ya jiwe, limetupa mgongo. Gregori alikuwa anamwendea peku, anatambaa na ukingo wa mwamba. Mbele yake ukingo ulikuwa umefunikwa na nyasi, na kwa upande wake zilionekana ni ardhi. Kwa upande wangu niliona kwamba zile nyasi zimening'inia, na chini yake hakuna kitu. Alisimama, akageuza uso kunitazama, kama tulivyofundishwa. Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu.

Nitakuambia nilichokuwa nakifikiri, kwa sababu nimekuwa na muda wa kukipima. Sikutaka aanguke gengeni. Nilidhani atatitia hatua moja, jiwe litavingirika, mnyama atasikia na kukimbia, na Gregori atarudi nyumbani siku yake ya kwanza na gobore lake akiwa mikono mitupu. Nilitaka hicho tu. Akaona sina ishara, akaendelea. Alipiga hatua nne. Nilizihesabu.

Watu walimbeba kwa machela siku mbili hadi hospitali, wewe ukitembea kando yake. Njiani aliniuliza kama nilikuwa nimemwona. Nikamwambia ukungu ulifunika. Ikupa, hapakuwa na ukungu. Lilikuwa jua kali, hata bunduki ilikuwa inang'aa.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana mimi niliyaona kwa majuma mawili tu nawe umeyaishi. Wazee walikaa, wakauliza ni nani aliyepuliza maji na hasira moyoni. Katika nyumba nzima ni mmoja tu aliyekuwa ametaja hasira. Walikushika kwa sababu ulisema ukweli, wakaniacha kwa sababu nilidanganya. Mama alikunyang'anya kata mlangoni mwa chumba cha Gregori, akasema maji ya mgonjwa atayapeleka mwenyewe. Nilikuwa nimesimama palepale, nimeegemea ukuta. Ulinitazama. Nadhani ulitaka mtu mmoja tu aseme kwamba alikuona ukicheka uani. Mimi nikatazama chini. Mwalimu Tumsifu aliomba uhamisho kabla ya Krismasi, na sikumbuki kama kuna siku nyingine nilikusikia ukiimba kanisani. Nilikatiza likizo nikarudi chuoni. Miaka saba baadaye nilipopata nafasi ya kusoma huku Sydney, chuo cha Kensington, watu walisema Erasmus anapenda vitabu. Navipenda, kweli. Lakini hata mtu anayependa vitabu hurudi nyumbani zaidi ya mara mbili.

Gregori alikaa kwenye cherehani yake na mguu mmoja wa kukanyagia, akafanya utani kwamba kushona hakuhitaji miwili. Najua hakukusema hata siku moja, na kwamba wewe ndiye uliyemtunza. Lakini hakujua kwamba kulikuwa na mtu mwingine wa kusemwa.

Leo baada ya chakula cha mchana nimemwambia Atupele yote haya, mumewe akiwepo, maana naye nilikuwa nimemwita jina lisilo lake. Atupele hakulia. Alikunja ramani moja baada ya nyingine, taratibu, kama anavyokunja vitambaa vya kazini kwake. Akasema, na safari hii alisema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno: Baba, wewe hutanishikia maji. Andika kwanza. Kisha akasema kondoo amesubiri miaka tisa na anaweza kusubiri mingine, kwamba hapandi mlima wowote mpaka shangazi yake ajue, na kwamba kama kuna maji ya kupulizwa, kata atashika shangazi. Rodrigue akainuka, akafuta meza, akaniletea karatasi na kalamu.

Ndiyo maana naandika kwenye meza iliyo wazi.

Wanaondoka tarehe 12 Septemba. Jumapili ya tarehe 7, saa sita mchana kwenu, mkishatoka ibadani, Atupele atapiga simu. Nitakuwa nimekaa kando yake. Ninachokuomba ni hiki. Barua hii msomee Gregori kabla ya siku hiyo, wewe na yeye peke yenu, kwa sababu ni haki yake kuisikia kwa mtu anayempenda na si kwa kundi. Lakini siku ya simu waambie wale watoto waiweke sauti ya wote wasikie, kama kawaida yao. Waite na majirani, na yeyote aliyebaki katika wale waliokaa kikao kile, au watoto wao. Nitayasema tena yote, kwa mdomo wangu, tangu gobore mpaka hatua ya nne. Na kama kuna swali nitalijibu.

Baada yangu ni zamu yako. Usiharakishe kupokea kata kwa ajili ya mwanangu, au kwa kuwa mimi ni mzee na niko mbali. Sema kwanza. Niite fisi kama ulivyomwita mwenzangu, niite na zaidi, mbele ya wote, wala sitakuwa na haki ya kukasirika. Ukisema mpaka jioni tutasikiliza mpaka jioni. Na ukiona halijaisha, usipulize. Atupele ameniambia nikuandikie hivyo kwa maneno yake: kwamba jibu la kusubiri nalo ni jibu, hakuna atakayelilazimisha, na kibali kitakwisha muda wake bila mtu kufa.

Ndani ya bahasha utakuta kitambaa. Ni kilekile. Kilikuwa mfukoni mwangu siku ile nilipokimbia kushuka, kikaenda nami Dar es Salaam, na huku kimekaa chini ya sanduku la ramani miaka yote. Kimekuwa na rangi ya chai, lakini hakijawahi kufuliwa wala kutumika. Mpe Gregori. Akitaka kukichoma akichome, akitaka kukitia kiraka katika nguo ya mtu, yeye ndiye fundi.

Wasalimie watoto wote wanaogombania simu, uwaambie theluji haipo hapa Liverpool. Nisalimie kaburi la mama na la baba, mwanzo la baba. Rodrigue anamsalimu mama mkubwa na anasema vitenge viko njiani, jambo ambalo wewe na mimi tunajua si kweli. Atupele anakusalimu na anajizoeza maneno yake ya Jumapili hiyo, namsikia chumbani.

Ndaga fijo, asante sana, kwa ndizi ya nne.

Ni mimi kaka yako, niliyekuona ukicheka uani,

Erasmus